Mlango Ulikuwa Wazi Saa ya Rahu

Nyinyi wasichana wetu mliokwenda kazi Ghuba mna tabia mbaya. Mkipata pa kupumua mnanisahau, mkibanwa ndiyo "Bibi, Bibi". Tangu sikukuu yetu ya mwaka mpya, Aprili, sijapata hata salamu, leo naletewa barua hii. Haya, sikilizeni, nawasomea.

Mpendwa Bibi Somawathi, naomba msaada na usinicheke, nafanya kazi za ndani hapa Kuwait mwaka wa pili sasa, pasipoti anayo madam, na ana kaka yake asiye na mke, kila akija hunifuata jikoni, juzi kanibana kwenye jokofu nikammwagia mchuzi wa moto akacheka, na sasa madam anasema Ijumaa hii nahamia kwa huyo kaka nikamtunzie nyumba. Alhamisi iliyopita madam alikwenda kuwachukua watoto shule akaniachia mlango wazi nitoe taka, chini kuna teksi, dereva mtu wa kwetu Matara, akasema "Dada, panda, nakupeleka ubalozini bure," nimeshashika mlango wa gari nikatazama saa, ni saa nane kasoro, saa ya Rahu, yule pepo mla jua mwenye saa yake kila siku, na mama alinikataza tangu utotoni kuanza safari kwenye nuksi hiyo, basi nikarudi juu. Mama amekwenda kwa mnajimu, saa njema ni Jumapili. Mume wangu anasema vumilia. Nisubiri?

Usubiri nini, mjinga wangu? Ijumaa inatangulia Jumapili hata kwa sisi tusiosoma. Niliposikia umeuachia ule mlango wa gari nililia, halafu nikatamani kukuchapa.

Mimi niliondoka nyumbani Kurunegala kwenda huko huko Ghuba kwa saa njema kuliko zote, maziwa yakafurika chunguni kuleta baraka, nikapakwa mafuta utosini. Wiki ya tatu madam wangu akanichoma kwa pasi. Tena huyo mnajimu anapimia jua la kwetu, na huko mko nyuma saa mbili na nusu. Rahu gani huyo asiyejua yuko nchi gani?

Mumeo anasema vumilia? Mwambie aje yeye ampikie huyo kaka.

Kesho Jumatano madam akienda shule, toka na mfuko wa taka kama kawaida. Najua, mchana wa kesho nao una Rahu wake. Toka hivyo hivyo. Usijifiche chumbani kwa rafiki, watakuandikisha polisi kuwa umetoroka kazi. Nenda ubalozini moja kwa moja. Pasipoti waachie, hukuzaliwa nayo. Mlangoni sema: "Kuna mwanamume anataka kuniharibu, siondoki hapa." Kulia, utalia ukishaingia.

Ukirudi nyumbani, njoo kwangu ule wali wa maziwa. Uje saa ya Rahu, na usipige hodi. Mlango utaukuta wazi.