Meno Madogo kwa Chuma Chembamba

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka Nati,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi hatujambo. Mama yupo, anakula na kunigombeza kama kawaida. Nimelitanguliza hilo kusudi usome yanayofuata bila kuzimia.

Jumanne mchana nilimkuta Mama kajifungia chumbani, komeo la ndani limekazwa. Naita, kimya. Kuchungulia dirishani, namwona sakafuni, jasho linamtoka, anakoroma. Sukari ilikuwa imemshuka. Mlango wa chuma, na dirisha ni lile uliloliwekea mabomba mwenyewe ili wezi washindwe. Kaka, hata sisi tulishindwa.

Nikakimbilia sanduku lako la vifaa. Jirani yetu, fundi cherehani, akaukamata msumeno wa chuma, akasugua weee, bomba linameremeta tu.

"Dada, msumeno wenyewe butu huu!"

Butu tulikuwa sisi. Tuliufunga wembe wa msumeno kinyume, meno yanatutazama. Nikaugeuza yakatazama mbele, nikakaza skrubu. Lakini meno yalikuwa makubwa na bomba jembamba. Yakanasa, yakapukutika kama punje za mahindi. Hapo Mama akaacha kukoroma. Niliogopa, sikufichi.

Chini kabisa ya sanduku nikakuta wembe mwingine, umeuzungushia gazeti lenye mafuta na kuandika: "Chuma chembamba, meno madogo. Kandamiza ukisukuma, legeza ukirudisha. Usiharakishe." Nilitaka kukutukana. Mama anakufa, nisiharakishe? Nikatii hivyo hivyo. Nilikata kwa urefu wote wa wembe, nikihesabu kwa sauti ili mkono usikimbie, huku nalia. Mabomba mawili, juu na chini. Nikapenya, gauni likachanika, nikampaka asali kwenye ufizi. Alipofumbua macho, aliuliza nani kaharibu dirisha la mwanawe.

Komeo nimeling'oa. Pengo lingalipo, upana wa mabega yangu. Mchomeleaji nimemleta mara mbili, na mara mbili Mama amemtimua. Anasema litazibwa na aliyelitengeneza dirisha. Miaka sita hujarudi, Kaka.

Msalimie wifi yangu. Shangazi na fundi cherehani wanakusalimu. Mungu ailinde mikono yako, na barabara ikufungukie.

Lile neno lako, "usiharakishe", lilikuwa la chuma tu. Wewe harakisha.

Akupendaye na kukungoja,
Mdogo wako, kitinda mimba