Isale kwa Mwanamke wa Handakini

Jumatatu, 4 Agosti

Handakini tena. Magoti yamechunika. Filamu nimeitunga mimi, naiongoza mimi, na anayeigiza mtumwa ni mimi, maana hakuna binti mwingine aliyekubali kuingia shimo lililo kihambani, shamba la migomba la bibi. Hadithi yenyewe kila mtu hapa Old Moshi anaijua: mwanamke alitoroka msafara wa watumwa, ukoo wetu ukamficha humu, akawa huru. Mwisho ngoma na pombe ya mbege. Jumamosi tunaionyesha. Baba mdogo ndiye mwenyekiti wa kamati ya maonyesho, na ameshaalika kata nzima.

Jumanne, 5 Agosti

Nimesikiliza sauti tulizorekodi jana. Chini ya pumzi zangu kuna mtu anaimba, mdomo umefumbwa. Mwanamke. Si mimi, mimi nilikuwa nahema kama ng'ombe mwenye mimba. Wenzangu walikuwa juu, mbali. Nikajiambia ni maji ya mfereji. Maji hayana kiitikio. Naogopa, basi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimempelekea bibi ile sauti. Shikamoo, marahaba, chai, kisha nikaiweka simu sikioni mwake. Akaanza kuuimba. Wimbo uleule, hadi mwisho ambao kwenye simu haupo.

"Huyo ni bibi yake babu yako," akasema. "Nilipoolewa hapa alikuwa hai bado. Kikongwe, lakini bado alikuwa anakata majani ya ng'ombe."

Walimficha kweli. Msafara ulipopita akaomba aonyeshwe njia ya kwao. Wakamwambia kesho. Kesho ikawa maisha. Alizaa hapa kihambani, akafa hapa, jina lake la kwao hakuna aliyeliuliza.

Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, umelipiga fundo. Akilipokea, amesamehe, yamekwisha. Yeye hakupelekewa hata na mmoja. Na mimi kwenye ngoma ya mwisho nimetapanya masale kila mahali, mapambo! Nimeona aibu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemwambia baba mdogo nataka kubadili mwisho, amekataa katakata. Watu wanakuja kusherehekea, anasema, si kushtakiwa kutoka makaburini. Nikamjibu kwamba huyo ni damu yake pia. Akaniambia nikifanya ujeuri nisikanyage tena kwake. Nampenda, ndiye aliyenisomesha. Nimelia, kisha nimeikata ngoma yote. Mwisho nimeeleza yaliyompata, halafu handaki tupu na ule wimbo.

Jumamosi, 9 Agosti

Ukumbi ulijaa. Wimbo ukakatika palepale unapokatika kwenye simu. Bibi akasimama na fimbo yake, akaumalizia. Wamama wa nyuma wakaanza kulia. Baba mdogo akatoka bila kunitazama.

Jumapili, 10 Agosti

Kabla ya ibada nilipita handakini. Mlangoni palikuwa na isale. Fundo nililijua: baba mdogo hukaza kila kitu kama anafunga mzigo wa kahawa.

Mchana nimemkuta amekaa palepale na suti yake ya kanisani, kwenye udongo. Jani halipo. Alikuwa ameinama kufunga kiatu, anasema, alipoinuka halipo. Upepo hakuna, hata migomba imetulia. Labda mbuzi, akasema.

Huku kwetu mbuzi hawatoki bandani. Yeye anajua, mimi najua.

Akavua koti, akaniomba panga. Ameenda kumkatia ng'ombe wa bibi majani.