Mashine Niliyomsikia Dada Ndani Yake

Mjukuu wangu Neema, marahaba. Huku Mnyambe tu wazima, na babu yako ameanza kupalilia mikorosho. Unaniuliza uchague mashine ipi ya muziki wa mtandaoni, sasa unapoachana na diski za sidii.

Ujanani niliingia dukani Masasi kununua redio kaseti. Muuzaji akanisifia kubwa yenye taa. Nikamwambia, "Weka kwanza kanda yangu." Ilikuwa ya kwaya yetu, alimoimba marehemu dada yangu Asteria. Kwenye ile kubwa zilivuma ngoma tu. Kwenye ndogo nilimsikia dada akivuta pumzi kabla ya ubeti. Nikainunua hiyo, machozi yakinitoka.

Nenda dukani na wimbo uliouzoea, wakupigie kwenye kila mashine. Usiharakishwe na mtu. Utaijua yako.

Bibi yako akupendaye,
Anjela