Nimemjibu Bosi wa Binti Yangu kwa Kalamu ya Binti Yangu

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla sijaumbuka, na kwanza ujue unaongea na mama wa namna gani, mimi shule niliishia darasa la saba lakini nimezaa mhariri, binti yangu ndiye anayenyoosha vitabu vya shule kwenye kampuni moja ya uchapishaji, kile cha sayansi cha darasa la nne kikitoka ujue kimepita mezani kwangu, maana Jumamosi hufanyia kazi hapa nyumbani, kwenye tableti, kwa kalamu isiyo na wino wala risasi, akilikwangua neno kwenye kioo linafutika, akiandika kwa mkono linageuka herufi za chapa, nami hukaa pembeni nikikunja nguo na kumtazama mpaka nguo nazisahau.

Sasa Jumamosi ile aliingia kuoga akaiacha tableti wazi, nikasogea nione kazi ya mwanangu, nikakuta ukurasa mzima mwekundu, bosi wake, huyo mhariri mkuu, kachora kila mahali, hapa "Maneno mengi, punguza", pale "Haieleweki", na enzi zangu daftari likirudi jekundu namna ile ulijua umefeli, na mwanangu huyu hata kipimo cha macho hajawahi kufeli, moyo ukanichemka, nikashika kalamu. Penye "punguza" nikamwandikia "Punguza wewe". Penye "Haieleweki" nikaandika "Sisi tumeelewa". Kila ukurasa nikaupigia vema, wa mwisho nikampa mia kwa mia. Halafu kulikuwa na mstari mwekundu mrefu ulionikera, nikaukwangua uondoke, ukaondoka na aya nzima, kwa hiyo sasa kwenye kitabu kile chakula kinaingia mdomoni na baada ya hapo hakijulikani kilipo.

Nilijua mwandiko wangu utajulikana, ni mbaya, hata jirani yangu fundi cherehani anausema, kumbe mashine iliugeuza chapa safi, na pembeni ya kila neno ikabandika jina la mwanangu, maana tableti ni yake. Na bosi alikuwa akiyaona yote hukohuko aliko.

Jumatatu binti alirudi macho yamevimba. Anatakiwa ajieleze kwa maandishi kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo kitabu apewe mwingine. Anaapa hakuandika, na anamshuku mwenzake wa meza moja, rafiki yake tangu chuo, kwa kuwa ndiye anayejua neno lake la siri, sasa hawasemeshani. Jana akaniuliza, "Mama, hukumwona mtu akigusa tableti yangu?" Nikamjibu sikuona mtu. Si uongo sana, mshauri, mtu hajioni mwenyewe.

Je, nikae kimya upepo upite, au niende ofisini nimweleze bosi akili alizonazo mwanangu? Na nikikiri, si atanikataza kukaa pembeni yake Jumamosi?

Mama Mhariri

JIBU

Mama Mhariri, nimecheka mpaka nikafuta machozi, sasa nisikilize. Kumpenda mtoto si kosa. Lakini hukumtetea binti yako, ulimsemea, tena kwa jina lake. Wekundu ule haukuwa wa kufeli. Kwenye kazi ya vitabu, bosi akiujaza ukurasa alama maana yake ameusoma wote. Ulichokiona ni watu wawili wako kazini, ukaingia katikati yao na kalamu.

Na hilo la mtu hajioni mwenyewe usinirudie nalo. Mtoto kakuuliza, ukamdanganya, na sasa rafiki yake anabeba mzigo wako. Hilo ni baya kuliko aya iliyopotea. Aya itarudi, mashine hizo hutunza nakala za nyuma, na binti akijua siku na saa ataifufua kwa dakika moja. Rafiki hana nakala.

Ofisini usikanyage. Ukienda utamsifu, na ukimsifu mbele ya bosi wake ndiyo umemmaliza. Leo akirudi kutoka kazini, hata viatu hajavua, mkalishe umwambie. Kisha tafuta karatasi na kalamu ya wino, uandike kwa mwandiko wako huohuo kwamba ni wewe, siku gani na maneno gani, uweke na sahihi. Aipeleke kwa bosi kesho, asingoje mwisho wa mwezi. Yule rafiki mpigie simu wewe mwenyewe umwombe radhi, usimtume binti.

Kuhusu Jumamosi, ndiyo, atakukataza, labda mwezi, labda zaidi. Kubali. Kunja nguo zako chumbani mpaka akuite.

Na unapokiri, usiseme "ila", usiseme "ni kwa vile nakupenda", usimkumbushe alivyokuwa wa kwanza darasani. Sema, "Ni mimi, mwanangu, nisamehe," halafu nyamaza. Najua hapo pa kunyamaza ndipo utakapotoka jasho.