Cheche Iliyoingia Kiatuni

Mwanza

Mke wangu mpendwa, Mama Rehema,

Habari za Kabuku? Wewe na watoto mu wazima? Kikohozi cha Rehema kimeisha? Mimi napumua, namshukuru Mungu, ila kukaa siwezi na kulala siwezi. Hata barua hii naandika kidogo, nainuka, nafika mlangoni, narudi.

Kwenye simu juzi nilikwambia nina homa tu. Nilishindwa kulitamka, kwa hiyo nakuandikia.

Tulikuwa tunachomelea mageti ya shule. Cheche ikaingia kwenye buti langu lililotoboka, ikaunguza katikati ya vidole vya mguu wa kushoto. Mama Rehema, sikusikia kitu. Jioni navua soksi, naona imegandana na ngozi. Nikapaka spiriti, kesho yake nikarudi kazini.

Baadaye mguu ukavimba, nikawa natetemeka kwa baridi mchana wa jua kali, na maji nayanywa hayanitoshi. Mwenzangu Masanja, fundi ninayeishi naye, akaanza kunusanusa chumbani. "Kaka, humu kuna panya amefia?" Tukasogeza kitanda, tukasogeza ndoo. Panya hayupo. Nilipofungua kitambaa mguuni, Masanja akaziba pua, halafu akatoka mbio kuita bodaboda.

Hospitali wakanitoboa kidole kupima damu. Daktari, dada mmoja mdogo tu, akaniuliza, "Una kisukari tangu lini?"

"Sina kisukari."

"Unacho, tena kimekaa siku nyingi. Ndiyo maana miguu imekufa ganzi, moto unakuunguza husikii. Bakteria wameingia, wanakula nyama kwa ndani. Lazima tukate leo."

Nikamwomba anipe siku moja nizungumze na mke wangu. Akasema, "Leo nakata vidole. Ukinisubirisha, nitakata goti."

Nikakupigia, simu yako haikupatikana. Nikapiga tena. Halafu nikatia saini.

Vidole viwili havipo, pamoja na nyama ya chini ya unyayo. Ila tabu yenyewe ilikuwa kusubiri. Kila asubuhi wanafungua bandeji kuangalia kama uozo umepanda. Dawa za dripu, sindano za insulini, nami macho yangu yako kwenye uso wa yule daktari, namchunguza kama amekunja paji. Mzee wa kitanda cha jirani alipelekwa kukatwa, akarudi na mguu mmoja.

Hatimaye daktari akafungua, akabonyeza, akatabasamu. "Nyama nyekundu. Mguu unabaki."

Nililia mbele ya watu, mke wangu.

Sasa nimetoka, natembea kwa gongo, insulini najichoma mwenyewe. Ila roho haijatulia, kwa sababu daktari aliniuliza kama kwetu kuna mwenye kisukari. Nikasema hakuna. Nimerudi chumbani ndipo nikakumbuka uliyoniambia juu ya mama yangu kule Mazingara: alijikata na jembe mguuni, kidonda hakifungi, na usiku anaamka mara kwa mara kwenda chooni.

Nakuomba uache genge lako la mboga, uende Mazingara mwenyewe. Usimtume mtu wala usipige simu, maana kwenye simu atakwambia anaendelea vizuri. Mvue viatu, tazama nyayo zote mbili, hata pale anaposema hapaumi. Kama jirani anamtwangia majani ya kuweka kidondani, mshukuru, kisha mpeleke mama hospitali ya Korogwe wampime sukari. Najua atakataa kuacha mahindi yake. Basi mwambie mwanawe amekatwa vidole. Usimfiche kama nilivyotaka kukuficha wewe.

Mpe mama shikamoo yangu. Msalimie kaka yako wa Masuguru, na umwombe awapokee Korogwe mkifika. Wabusu watoto.

Beba na khanga zake, huenda wakamlaza.

Mumeo akupendaye,
Baba Rehema