Udongo wa Githongo Umefika Kipini

Kaka Mwenda,

"Mikoko ni shida ya watu wa pwani, sisi tuna kahawa yetu." Ndivyo ulivyoniambia nikiwapandisha wanafunzi kwenye basi. Ulikosea, kaka. Nakuandikia kutoka Kipini, hapa Mto Tana, unaopokea maji ya mto wetu, unapoingia baharini.

Jana tulipanda miche ya mikoko na kina mama wa kijiji. Leo mto umekuja mwekundu kwa mvua za huko kwetu Githongo, na miche mingi imezikwa na tope. Bi Halima, kiongozi wao, alichota konzi moja akanitilia mkononi.

"Mwalimu, shamba lenu limetujia bila hodi! Mkirudi, rudini nalo."

Wanafunzi walicheka. Kendi wako, aliyekuwa akifukua miche kwa vidole, hakucheka.

"Shangazi, si baba hulima mpaka majini?" akauliza, na kina mama wote wakanigeukia. Nilijibu kwamba ni kweli.

Mwanao ni mzima, anakula wali wa nazi kama mwenyeji, na anakusalimu kwa upendo. Sasa wewe na majirani zako wa kando ya mto: ng'oeni mahindi ya ukingoni, mpande miti na nyasi wiki hii, kabla mvua haijarudi.

Dada yako,
Karimi