Kahawa ya Othman

Jumanne, Novemba

Goti tena. Ngazi za stesheni ya Edgware Road zimenimaliza, lakini nisingeweza kukosa. Othman anahamia Leicester kwa binti yake, na kwa umri wetu sijui kama tutaonana tena.

Mimi nilichezea timu moja tu, tangu ujana mpaka goti hili liliponitoa uwanjani. Yeye alikuwa beki wa mahasimu wetu. Kule Unguja sisi wachezaji tuliahidiana kutoigusa kahawa ya watu wa timu ile, na hapa London nimeendelea hivyo hivyo. Kila tukikaa mkahawani, nalipa mimi.

Leo aliagiza mbili, akalipa kabla sijatoa pochi.

"Kunywa, bwana."

"Othman, unanijua."

"Timu yenyewe ilishakufa, we! Umebaki peke yako, kipa wewe, kapteni wewe, mshabiki wewe!"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alinisogezea kikombe, akawa ananitazama tu.

Nimechoka kuwatunzia ahadi watu ambao sasa wote...

Niliinywa. Ilikuwa na sukari nyingi mno, na niliimaliza yote.